Kimya ndani ya Muziki: Vipande Vinne vya Anton Webern kwa Violoni na Piano



Katika seminari zetu tunajifunza muziki kwa kusudi moja hasa: tuweze kuimba Misa na Ofisi kwa uzuri, na baadaye tuwafundishe wakristu wetu kuimba. Kazi hiyo ni njema, nayo yatosha kumjaza mtu siku zake zote. Sababu gani basi tunataka leo kuwaeleza habari za vipande vinne vidogo vilivyotungwa nchi ya Austria mwaka wa 1910? Haviimbwi kanisani. Havina neno hata moja la sala. Tena watu wengi wakivisikia mara ya kwanza huuliza: «Huu ni muziki kweli, ama ni watu wanaojaribu vyombo vyao kabla ya kuanza?»

Tunafanya hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hii: padri na mkatekista wanaulizwa mambo mengi, nao hawana haki ya kuhukumu kitu kabla ya kukaa chini na kukisikiliza. Sisi wenyewe tunaujua uchungu wa hukumu ya namna hiyo. Ngoma zetu ziliitwa makelele miaka mingi na watu wasioketi hata usiku mmoja kuzisikiliza. Ya pili: vipande hivi vinaweza kutukumbusha jambo tunalolihitaji sana katika makanisa yetu, nalo ni maana ya kimya. Hilo ndilo tunalotaka kuonyesha.

I. MTUNZI MWENYEWE

Anton Webern alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 3 desemba 1883, katika jamaa ya Kikatoliki. Baba yake alikuwa injinia wa machimbo ya madini, kazi ambayo watu wa Katanga wanaijua vizuri. Mama yake alijua kupiga piano, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe masomo ya kwanza. Mama huyo alikufa mwaka wa 1906, na kifo chake kilimwumiza Webern kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe aliwaambia rafiki zake kwamba nyimbo zake nyingi za wakati ule zilitoka katika huzuni ile.

Waseminari wataona ajabu kusikia somo alilolichagua katika chuo kikuu cha Vienna. Hakuchagua muziki mpya. Alichagua muziki wa Misa wa zamani. Mwaka wa 1906 alipata cheo cha daktari kwa kuandika juu ya kitabu kiitwacho Choralis Constantinus, kazi ya Heinrich Isaac. Isaac alitoka Flandria, nchi ambayo sehemu yake kubwa ni Ubelgiji wa leo, akafa mwaka wa 1517. Katika kitabu hicho alitunga kwa sauti nyingi zile sehemu za Misa zinazobadilika kwa siku na kwa sikukuu: Introito, Aleluya, Sekwensia, Komunyo, na msingi wake wote ni nyimbo za Gregori. Webern aliitengeneza sehemu ya pili ya kitabu hicho ipate kupigwa chapa tena, nayo ilitoka mwaka wa 1909. Basi mtu huyu, mwaka mmoja tu kabla ya kutunga vipande tunavyovieleza, alikuwa ameinama juu ya vitabu vya Misa, akihesabu nota moja moja na kutazama namna kila sauti inavyotembea kwa miguu yake yenyewe bila kuzikanyaga nyingine.

Wakati huohuo, tangu mwaka wa 1904 hata 1908, alikuwa mwanafunzi wa Arnold Schoenberg, mtunzi Myahudi wa Vienna. Kwa mwalimu huyo alijifunza njia mpya, ambayo lazima tuieleze kidogo kwanza.

II. NYUMBA ILIYOACHWA

Kila mwalimu wa korali anaweza kufanya jaribio hili. Awaimbishe watoto wimbo wanaoujua vizuri, kisha awanyamazishe mara moja kabla ya nota ya mwisho. Atawaona wanahangaika. Mmoja ataimaliza nota ile kwa sauti ndogo, hata akikatazwa. Sababu gani? Kwa kuwa wimbo una nyumba yake. Unatoka nyumbani, unakwenda njiani, unapita huku na huku, na mwishoni unarudi nyumbani. Na sikio halitulii mpaka limefika mlangoni. Kwa miaka mia tatu hivi watunzi wakubwa wa Ulaya, kama vile Bach na Mozart na Beethoven, walitunga kwa sheria hiyo. Urefu wa muziki wao ulitoka humo: ukitaka kwenda mbali na nyumba na kurudi vizuri, unahitaji wakati.

Lakini katika karne ya kumi na tisa safari hizo zilizidi kuwa ndefu. Watunzi kama Wagner walikaa njiani muda mrefu hata msikilizaji akasahau nyumba iko upande gani. Kufika mwaka wa 1908, Schoenberg alivuka mpaka: akaanza kutunga muziki usiokuwa na nyumba kabisa. Nota zote kumi na mbili zikawa sawasawa, hakuna mkubwa wala mdogo, hakuna moja ambayo nyingine zote zinairudia. Wanafunzi wake wawili, Webern na Alban Berg, walimfuata katika njia hiyo.

Hapo likatokea swali gumu. Kama hakuna nyumba, mtu atajua namna gani kwamba amefika? Muziki utamalizika kwa sababu gani? Vipande vya Webern vya mwaka wa 1910 ni jibu moja kwa swali hilo. Tuviangalie sasa.

III. VIPANDE VYENYEWE

Violoni ni kama zeze la Wazungu: ina nyuzi nne, na mpigaji huzikwaruza kwa upinde wenye nywele za farasi. Piano mnaijua. Webern aliandika vipande vinne kwa vyombo hivyo viwili, akavipa hesabu ya 7 katika orodha ya kazi zake. Vilipigwa mara ya kwanza mbele ya watu huko Vienna, mwezi wa aprili 1911. Alivitengeneza tena mara kadhaa, na vilipigwa chapa mwaka wa 1922.

Jambo la kwanza linalomshangaza msomaji wa nota ni ufupi. Tukihesabu vipimo, yaani zile nafasi kati ya mstari na mstari wa wima katika karatasi ya nota, kipande cha kwanza kina vipimo 9, cha pili 24, cha tatu 14, na cha nne 15. Jumla ni vipimo 62. Vyote pamoja vinachukua dakika tano hivi. Litania ya Watakatifu ikiimbwa yote ni ndefu kuliko vipande hivi vinne.

Kipande cha kwanza kinakwenda polepole sana. Violoni imewekewa kile kizibo kidogo kinachobana sauti, kusudi isitoke kwa nguvu. Inaanza kwa nota moja ya juu, nyembamba, sawasawa na filimbi inayosikiwa toka ng'ambo ya bonde. Mpigaji hakandamizi uzi kwa kidole, anaugusa tu. Piano inajibu kwa nota chache. Kabla hujazoea mahali ulipo, kipande kimekwisha.

Kipande cha pili ni kinyume chake. Kinakwenda mbio, kinapanda hadi makelele makubwa, kinapunguza mwendo ghafula, kinakimbia tena. Ni kama mtu mwenye hasira ambaye anaanza kusema, anajizuia, kisha anashindwa kujizuia. Ndicho kirefu kuliko vingine vyote, lakini hakifiki hata dakika mbili.

Kipande cha tatu kinarudia mwendo wa polepole, na violoni imebanwa tena. Hapa hakuna nota hata moja ya nguvu. Violoni inashika nota moja kwa muda mrefu, kwa sauti ndogo kabisa, na piano inasogea chini yake kama mtu anayetembea chumbani mwa mgonjwa. Mtunzi ameandika katika karatasi kwamba sauti isikike kwa shida. Kwa hiyo wapigaji wanaopiga kipande hiki mbele ya watu wanajua kwamba kikohozi kimoja tu kinaweza kukiharibu.

Kipande cha nne kinaanza kwa kishindo: violoni inaruka kutoka chini hata juu kwa nguvu. Ungefikiri kwamba vita inaanza. Kumbe nguvu ile inaisha mara moja, na muziki unazidi kutulia, hata violoni inamaliza kwa mruko mdogo mwepesi sana. Mahali pale Webern aliandika kwamba nota hizo zipigwe kama pumzi. Ndio mwisho.

Katika vipande hivi violoni haina sauti moja tu. Mara mpigaji anatumia nywele za upinde, mara anageuza upinde na kutumia mti wake, mara anachuna nyuzi kwa kidole kama mpiga gitaa, mara anakwaruza karibu sana na daraja la nyuzi hata sauti inakuwa kama kioo. Kwa sababu nota ni chache, kila moja inapewa sura yake. Mtu mwenye watoto kumi na wawili anaweza kukosea majina yao. Mwenye watoto wawili anazijua hata nyayo zao mlangoni.

IV. SABABU YA UFUPI

Watu wengine walisema kwamba Webern aliandika mafupi kwa kuwa hakuwa na mengi ya kusema. Tusikubali upesi. Tumekwisha kuona kwamba urefu wa muziki wa zamani ulitoka katika safari ya kutoka nyumbani na kurudi. Webern alipoiacha nyumba, aliiacha na njia ndefu. Tena hakutaka kurudia neno alilokwisha kulisema. Miaka mingi baadaye, katika mafundisho aliyoyatoa Vienna mwaka wa 1932, alieleza hali yake alipokuwa akitunga vipande vingine vifupi mwaka wa 1911: zilipokwisha kusikika nota zote kumi na mbili, aliona moyoni kwamba jambo limekwisha. Aliziandika nota hizo pembeni, na kila ilipotumika moja aliipiga mstari.

Njia hiyo ilimpeleka mbali. Mwaka wa 1914 aliandika vipande vitatu kwa selo na piano ambavyo vyote pamoja vina vipimo 32 tu. Hapo akaona kwamba hawezi kwenda mbele zaidi katika ufupi. Ukipita hapo unabaki na karatasi tupu. Akaanza kutunga nyimbo zenye maneno, maana maneno yanaupa muziki urefu wake. Mwalimu wake Schoenberg, alipoandika mwaka wa 1924 dibaji ya vile vipande vingine vifupi, alisema kwa maana yake kwamba ufupi kama huo unamdai mtu kujinyima mengi. Tuliangalie vizuri neno hilo la kujinyima. Kila mwenye kuhubiri anajua kwamba mahubiri ya dakika saba yanataka matayarisho kuliko yale ya dakika arobaini.

V. KIMYA KILICHOANDIKWA

Sasa tumefika kwenye shina la jambo. Katika karatasi ya nota kuna alama za sauti, na kuna alama za kimya. Walimu wa korali wanajua kwamba alama za kimya ndizo ngumu kuwafundisha watu. Mwimbaji anafikiri: «Hapa hakuna kitu», basi anaingia mapema. Lakini kimya kile kina hesabu yake; mtunzi amekipima kama alivyoipima sauti.

Katika vipande vya Webern jambo hili ni wazi kuliko katika muziki mwingine. Nota ni chache sana, basi kimya kinachukua mahali pakubwa, nacho ndicho kinachozifanya nota zisikike. Weka taa moja katika uwanja wenye giza, utaiona toka mbali. Weka taa ileile katikati ya soko lenye taa mia, nani ataiona? Na msikilizaji, kwa kuwa hapewi wimbo wa kushika wala ngoma ya kuchezea, analazimishwa kufanya kazi moja tu, yaani kusikiliza.

Je, haya ni mageni kwetu? Hata kidogo. Tunapoimba zaburi za Vesperi tunafundishwa kutua penye nyota katikati ya mstari, kuvuta pumzi, ndipo tuendelee. Waseminari wapya wanaona kwamba kutua huko ni kupoteza wakati. Baada ya mwaka mmoja wanaanza kuelewa kwamba nusu ya sala iko katika kutua kule. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturjia ya tarehe 4 desemba 1963, ulikitaja kimya kitakatifu kati ya mambo ambayo wakristu wote wanashiriki kwayo katika ibada. Na maagizo ya Misale ya Roma yanaonyesha mahali pake: katika tendo la toba, baada ya padri kualika watu kusali, baada ya masomo na mahubiri, na baada ya Komunyo.

Tujiulize basi bila kujificha: mambo hayo tunayafanya? Padri anasema «Tuombe», na mara hiyohiyo anaanza kusoma, kama vile aliogopa kwamba mtu mmoja angeweza kuomba kweli. Somo linaisha, na mpiga kinanda anaijaza nafasi kabla msomaji hajarudi kitini. Baada ya Komunyo korali inaimba wimbo wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha yanafuata matangazo. Hatusemi kwamba ngoma zinyamaze. Misa ya namna ya Zaïre, iliyokubaliwa na Roma mwaka wa 1988, ilitufundisha vizuri kumwimbia Mungu kwa mwili mzima, nasi tunashukuru. Lakini hata mpiga ngoma hodari anajua kuinua mikono. Asiyejua kuinua mikono hapigi ngoma, anatwanga tu.

VI. JE, NI SALA?

Hapa lazima tujihadhari. Tunaposoma kwamba kipande cha nne kinamalizika kama pumzi, mioyo yetu inakimbia mara moja mpaka kwa nabii Eliya mlimani Horebu, aliyeona upepo mkubwa, tetemeko na moto, wala Bwana hakuwamo, mpaka ikaja sauti ndogo iliyo nyororo. Mfano huo unafaa kutusaidia kusikiliza. Lakini tusiseme kwamba Webern alitunga mahubiri juu ya Eliya. Hakufanya hivyo. Aliandika muziki wa violoni na piano, basi. Kuubatiza muziki wa mtu bila yeye kuomba si haki, wala hakuuongezei uzuri.

Vile vile tusimfanye Webern mtakatifu. Barua zake za miaka ya vita zinaonyesha kwamba alifurahia ushindi wa Ujerumani ya Hitler, ingawa serikali hiyohiyo iliukataza muziki wake, na mwalimu wake Schoenberg alikuwa amelazimika kukimbia Ujerumani tangu mwaka wa 1933. Mtu anaweza kuwa na sikio safi kabisa, na katika mambo mengine asisikie kilio cha jirani. Hilo nalo ni fundisho kwetu.

Lakini kwa upande mwingine, alipotaka kusali kwa muziki wake, alijua kufanya hivyo waziwazi. Kati ya miaka 1923 na 1924 alitunga kanoni tano za Kilatini kwa sauti moja ya mwanamke na klarineti mbili. Na kati ya maneno aliyoyachagua kuna Christus factus est, Crux fidelis na Asperges me, maneno ambayo Eklezya imeyaimba karne nyingi. Lile somo la Heinrich Isaac halikupotea.

Kifo chake kilikuwa cha huzuni. Tarehe 15 septemba 1945, vita ilipokuwa imekwisha, alitoka usiku nje ya nyumba katika kijiji cha Mittersill ili kuvuta sigara, na askari mmoja Mwamerika akampiga risasi kwa kosa. Alikuwa na miaka 61. Baada ya hapo vijana wengi watunzi wa Ulaya walimchukua kama mwalimu wao.

VII. NAMNA YA KUSIKILIZA

Zamani ilikuwa vigumu kuupata muziki huu mbali na miji mikubwa. Leo mwenye simu anaweza kuupata. Tunawashauri wasomaji wafanye hivi. Wachague saa ya usiku, wakati kengele ya mwisho imekwisha kulia. Wasisikilize wakifanya kazi nyingine. Wasikilize vipande vyote vinne mara moja. Dakika tano si nyingi. Wasijiulize kama vimewapendeza. Wanyamaze kidogo, kisha wasikilize tena mara ya pili, wakiangalia jambo moja tu: kila nota inatoka katika kimya gani, nayo inarudi katika kimya gani.

Tarehe 31 machi 1913, katika jumba kubwa la muziki la Vienna, watu waliposikia kazi nyingine za Webern na za wenzake, walipiga kelele, wakacheka, wakapigana, hata polisi wakaingia na muziki ukakatizwa. Hawakushindwa kwa sababu ya ujinga. Wengi wao walikuwa watu wenye masomo makubwa. Walishindwa kunyamaza. Mtu anaweza kuyasikiliza haya na mwishoni aseme: «Mimi sikuupenda.» Ana ruhusa. Lakini amesikiliza kwanza, na hukumu yake ina uzito.

Na ikiwa baada ya hayo jumapili ijayo padri atasema «Tuombe», kisha akae kimya kwa muda wa pumzi tatu kabla ya kufungua midomo, basi vipande vinne vya mtu wa Vienna vitakuwa vimefanya kazi njema katika parokia yetu, hata kama hakuna mkristu mmoja atakayejua jina lake.